Sauti Ndani ya Ngoma

"Usikalie kiti hicho, Afande, mguu wake mmoja ni wa kuazima," fundi mitambo wa studio alisema. "Kaa hiki. Na tafadhali, usiniulize kitu mpaka wimbo uishe."

Inspekta akakaa. Chumba kilikuwa chini ya jengo, kidogo, kinanuka vumbi la mashine zilizopata moto. Mbele yao palikuwa na kioo kipana, na nyuma ya kioo chumba kikubwa zaidi, kuta zake zimefunikwa kwa magodoro ya zamani na trei za mayai. Katikati ya chumba kile zilikaa ngoma, na maikrofoni zimezizunguka pande zote, vichwa chini, kama kuku waliomwagiwa mtama.

Fundi akabonyeza kitufe.

Inspekta alikuwa amejiandaa kwa kelele. Asubuhi ile kituoni walimcheka mpaka mlangoni. "Mama, umepewa kesi ya kelele zilizoibiwa? Ukizipata usizirudishe, wenyewe wamepumzika!" Lakini kilichotoka kwenye spika hakikuwa kelele. Kilikuwa gitaa, linakwenda mbio, kali kama msumeno, na ndani ya ukali ule mlikuwa na wimbo mtamu wa kusikitisha, wa kumfanya mtu aache anachofanya. Gitaa lilikwenda hivyo peke yake. Kisha ikasikika pumzi ya mtu, kubwa, karibu kabisa na sikio. Ukafuata mshindo. Kisha upande wa sauti ukafa kabisa, na gitaa likaendelea kuimba na mtu asiyekuwepo.

Wimbo ukaisha. Fundi akazima spika. Alikuwa mtu wa makamo, mnene, na shati lake lilifungwa kifungo kimoja juu kuliko kilichostahili.

"Sasa niulize," alisema.

"Hiyo pumzi ni ya nani?"

"Radi. Mwimbaji wetu. Huo ni wimbo wa tisa, wa mwisho kwenye albamu. Albamu yao ya kwanza ya studio, Afande. Muziki wenyewe unaitwa hadikoo ya melodi. Juu mayowe, chini wimbo. Watu wakisikia mayowe tu wanakimbia. Wanaobaki ndio wanaousikia wimbo."

"Na mshindo?"

"Alikipiga teke kisimamizi cha maikrofoni. Waya ukachomoka. Mimi niko huku nyuma ya kioo, nimeshika kichwa. Yeye hana habari. Akaziendea ngoma, akasimama mbele yake hatua moja, akaimba wimbo wote uliobaki pale. Bila maikrofoni yake."

"Kwa hiyo sauti yake haikurekodiwa."

"Ilirekodiwa. Maikrofoni za ngoma ziliidaka, zote. Spika ya gitaa nilikuwa nimeifungia chooni ili isiingiliane na kitu, kwa hiyo mle ndani mlikuwa na ngoma na Radi tu. Sauti yake imo ndani ya ngoma, imechanganyika nazo kama chumvi na maji. Na sasa ngoma zimeibiwa."

Inspekta akafungua kalamu. "Eleza taratibu. Nini hasa kimeibiwa?"

Fundi akamwonyesha rafu. Kompyuta yake ilikuwa kuukuu, alisema, ukiilisha kila kitu kwa pamoja inapaliwa. Kwa hiyo alikuwa na diski mbili za kuhifadhia. Yenye utepe mweupe ilibeba gitaa na maikrofoni ya Radi. Yenye utepe mwekundu ilibeba ngoma. Nyeupe ilikuwepo rafuni. Mahali pa nyekundu palibaki alama safi kwenye vumbi, na waya wake. Waya ulikuwa umezungushwa vizuri, duara juu ya duara, ukafungwa kwa mpira.

"Wewe ndiye uliyeufunga hivi?"

"Mimi?" Fundi akacheka kidogo. "Hebu zitazame nyaya zangu." Sakafu nzima ilikuwa imejaa nyaya zilizosokotana kama matumbo.

"Nakala?"

Fundi akatazama chini. "Nilisema nitafanya wote tukimaliza. Mganga hajigangi, Afande."

"Kwa nini asiurudie tu wimbo wenyewe?"

"Hawezi." Fundi akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa ikiwa chafu vilevile. "Alikuwa na uvimbe kwenye koo. Alijua. Aliomba turekodi kwanza, ndipo apasuliwe. Wimbo ule ulipoisha akatema damu, tukamkimbiza hospitali. Wamempasua. Ataongea, wamesema, akipona ataongea vizuri tu. Lakini kupiga yowe lile, basi. Sauti ile haipo tena duniani ila kwenye diski ile."

Inspekta hakuandika hilo. Alisimama akakagua mlango. Kitasa kizima, hakuna mkwaruzo. Ufunguo, fundi alisema, hukaa chini ya ndoo ya mchanga pale ngazini. Wanaojua ni yeye na wanabendi wote watatu: Radi, Sindano mpiga gitaa, na Kobe mpiga ngoma.

"Wamekwisha kuambiwa?"

"Wale wawili niliwapigia simu asubuhi. Nikasema diski ya ngoma imeibiwa, nikakata. Sikuwa na nguvu ya maneno mengi."

"Usiongeze neno. Hasa habari ya wimbo wa tisa. Kati ya hao, kuna mwenye kinyongo?"

Fundi akajikuna shingo. "Sindano na Radi waligombana. Sana. Siku ile ile ya mwisho."

* * *

Juu ya studio palikuwa na chumba cha mshonaji, mama mmoja mrefu mwenye futi ya kupimia shingoni. Alikuwa amewahi kupeleka malalamiko kituoni kuhusu kelele, si mara moja. Inspekta alianza na yeye kabla ya Sindano.

"Mimi niibe?" mshonaji alisema bila kusimamisha cherehani. "Ningetaka kuwakomesha ningemwaga maji ngazini. Kuiba ni kazi ya wavivu."

"Ulisema kituoni kwamba utawafunga midomo."

"Nilisema ngoma! Ngoma, mwenzangu. Huyo kijana akianza, sindano yangu inaruka, napinda mshono, mteja ananitukana. Binti nilimlalamikia lini?" Akaacha kukanyaga cherehani. "Binti akiimba, mimi huzima mashine."

"Kwa nini?"

Mshonaji akavuta uzi akaukata kwa meno. "Siku ya kwanza nilidhani anachinjwa. Nikashuka na mkasi. Nikasimama mlangoni na mkasi wangu, nikasikiliza. Nikarudi juu taratibu kama niliyetoka kwenye ibada. Usiniulize zaidi, mimi ni mshonaji."

"Tangu binti apelekwe hospitali, umesikia kitu huko chini?"

"Jana mchana. Ngoma peke yake. Na tena si wimbo, ni kipande kimoja tu. Anapiga, anaacha. Anapiga, anaacha. Kipande kilekile, kama mtoto anayekariri shairi. Nikagonga sakafu kwa fimbo ya pazia. Akanyamaza, akaanza tena polepole."

"Uliona nani?"

"Sakafu yangu haina dirisha."

* * *

Sindano alikuwa kinyozi. Alikuwa mwembamba kweli, na alipomwona Inspekta mlangoni wembe wake ulikuwa shingoni kwa mteja.

"Malizia kwanza," Inspekta alisema.

"Ndiyo, malizia," mteja alisema, macho yamemtoka. "Tena taratibu."

Inspekta akakaa kwenye benchi la kusubiria. Mteja alipoondoka, nusu ya ndevu zake zimebaki kwa kuogopa, Sindano akaanza kupangusa vifaa.

"Mligombana na Radi."

"Nilimwambia apasuliwe kwanza. Muziki utangoja. Akasema muziki hauna miguu lakini yeye anayo, na inamchukua anakotaka yeye. Nikamwambia ukifa juu ya maikrofoni mimi sitabeba jeneza. Nikasema natoka kwenye bendi." Akainamisha kichwa. "Ndivyo tulivyoingia kurekodi wimbo wa tisa, Afande. Hatusemeshani."

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Hapa. Muulize yeyote. Jana nimenyoa darasa zima, shule zinafunguliwa."

Kijana wa duka la jirani na mama wa watoto wawili walithibitisha, na mmoja wa watoto alikuwa na mkato mpya sikioni wa kuthibitisha zaidi. Inspekta akarudi kwenye benchi.

"Nieleze ulichokiona kwenye wimbo wa tisa."

Sindano akakaa kwenye kiti chake mwenyewe cha kunyolea, akajitazama kwenye kioo bila kujiona.

"Alipokipiga teke kile kisimamizi nilidhani amenikasirikia mimi. Nikasema moyoni, tumeharibu. Kumbe hakuwa na habari na mimi wala na mtu yeyote. Alizifuata ngoma. Akapaza sauti, na nakuambia kweli, Afande, matoazi yalikuwa yanacheza, na hayajaguswa. Mimi nimepiga naye tangu tuko vijana wa mtaani. Sikuwahi kusikia kitu kile. Vidole vyangu viliendelea vyenyewe. Mimi nilikuwa nimeshatoka."

"Na Kobe alifanya nini alipomwona mbele yake?"

"Kobe?" Sindano akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Hakumwona. Kobe hupiga amefumba macho, na masikioni ameziba, anaogopa uziwi. Anafuata gitaa langu kwa hedifoni juu ya vizibo. Ungeweza kumpitishia ng'ombe mbele yake."

"Hakuna aliyemwambia baadaye?"

"Baadaye ipi? Tulikuwa tunamwahisha binti hospitali, anatema damu. Na siku ya kuusikiliza tulikuwa tunalia tu. Na Kobe si mtu wa mazungumzo. Ukimwuliza habari za asubuhi atakujibu jioni."

Inspekta akaandika. Mtu aliyeingia studio alijua ufunguo ulipo. Alijua utepe mwekundu ni ngoma na mweupe ni sauti. Ya sauti aliiacha, hakuigusa kabisa. Aliyetaka kuwaumiza angechukua zote mbili, au angechukua ile anayodhani ina sauti. Huyu alichukua ngoma tu, akaukunja waya kwa heshima. Huyu alitaka sauti ibaki salama.

Maana yake hakujua sauti ilikokuwa. Na waliokuwepo wote walikuwa wameona, isipokuwa mmoja.

* * *

Hata hivyo alikwenda kwanza kwa Radi, kwa sababu dhana si ushahidi.

Mlango ulifunguliwa na shangazi yake, mwanamke mfupi mwenye mikono iliyojaa unga. "Haruhusiwi kuongea," alisema kabla ya salamu. "Wala kunong'ona, wala kukohoa kwa makusudi. Ukimchekesha nakutoa nje, na kofia yako."

"Sitamchekesha, dada."

"Sura yako inaniambia hivyo. Pita."

Radi alikuwa amekaa kitandani, mtandio mzito shingoni. Alikuwa mdogo kuliko Inspekta alivyofikiri, mabega kama ya mtoto wa shule. Inspekta akamwangalia, akamtafuta ndani ya mwili ule mtu aliyemfanya mshonaji azime cherehani, hakumwona alikojificha.

Alimuuliza maswali ya ndiyo na hapana. Je, tangu siku ile amezungumza na mtu yeyote kuhusu kilichotokea na maikrofoni? Radi akatikisa kichwa. Je, kuna mtu aliyeomba wimbo urudiwe? Radi akasita, akamtazama shangazi.

"Si ni yule Kobe," shangazi alisema. "Huyu alipokwisha kulazwa, wenzake walikwenda kuusikiliza muziki wao. Kisha kijana akaja hospitali. Mtu wa watu hasemi, ila siku hiyo akasema. Akamshika mkono huyu, akamwambia, 'Usijali, ile ya tisa nitainyoosha.' Nikasema moyoni, mtoto ana adabu."

Radi alikuwa amekunja uso. Alifungua mikono, kama anayeuliza, kunyoosha nini?

"Sijui, mwanangu. Wewe ndiye mwenzao."

Inspekta akafunga kalamu. Shangazi alimsindikiza mpaka mlangoni, akasimama hapo, hampishi.

"Nini kimepotea?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Mimi si mtoto. Askari haji kumjulia hali mgonjwa."

Inspekta akamwambia. Shangazi akajifuta unga kwenye nguo, mara mbili, tatu, ingawa unga ulikuwa umekwisha.

"Nitakuambia kitu. Huyu mama yake alipofariki, hakulia. Hata chozi. Watu wakasema moyo wa jiwe. Nikamlea na ukimya wake miaka yote. Siku moja akanialika kwenye hayo mambo yao. Nikaziba masikio kwa vidole kama watu wengine wazima. Kisha nikatoa vidole." Akatazama nyuma, chumbani kwa Radi. "Nikajua ndicho hicho. Ndicho kile kilio, kimekuja kimekua, kimevaa viatu. Sasa unaniambia kimo kwenye kidude kilichoibiwa?"

"Ndiyo, dada."

"Basi kakitafute. Umekaa hapa unafanya nini?"

* * *

Kobe alikuwa fundi wa vigae. Inspekta alimkuta kwenye nyumba mpya isiyo na milango bado, amepiga magoti kwenye sakafu ya bafu, pimamaji mkononi. Sakafu ilikuwa imekamilika, nyeupe, mistari yake imenyooka kama daftari la mwanafunzi bora. Alikuwa anaikagua. Akaweka pimamaji juu ya kigae kimoja ukutani, akalitazama povu lake dogo, akashika tindo na kuking'oa kigae kile.

"Kilikuwa na kosa gani?" Inspekta aliuliza.

Kobe akageuka. Akafikiri. "Kimelala unywele mmoja," alisema.

"Nani angeona?"

"Mimi."

Inspekta akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Fundi amekupigia simu."

"Ndiyo."

"Uliingia studio lini mara ya mwisho?"

Kobe akachota saruji kwa mwiko, akairudisha. "Siku tuliyosikiliza."

"Jana mchana mtu alikuwa anapiga ngoma kule chini. Kipande kimoja, mara nyingi. Mama wa juu anaijua mikono yako, imempindia mishono mingi."

Mahali fulani nje mtu alikuwa anapiga mluzi na kushusha mabati.

"Waya wa diski ulikuwa umekunjwa na kufungwa kwa mpira," Inspekta aliendelea. "Nimetazama koili ya waya wako wa umeme pale mlangoni. Imefungwa vilevile. Kobe, mimi sikuja kukupigia kelele. Wimbo wa tisa una nini?"

Kobe akakipangusa kigae alichoking'oa.

"Nilikimbia," Kobe alisema. "Pale katikati. Nilikwenda sawa nyimbo nane. Wa tisa nikakimbia, nikaliacha gitaa nyuma. Nimekaa pale tunasikiliza, nasikia mwenyewe. Kila mtu analia, mimi nasikia nimekimbia." Aliutazama mwiko. "Yeye amejitoa koo lake. Nimemtilia kosa juu yake. Litakaa humo milele. Nikamwambia Fundi nirudie, akasema mgonjwa kwanza, tutaongea. Nikaona atalifumbia macho. Wataniambia ni zuri hivyohivyo. Watu husema hivyo wakikuhurumia."

"Kwa hiyo ukachukua ngoma ili wasiwe na la kufanya ila kukurudisha uzipige upya."

"Sauti ipo kwenye nyeupe. Sikuigusa. Nilifanya mazoezi jana, sasa nakipiga sawa kile kipande. Nikipewa siku moja nazipiga zote, zimenyooka. Yeye akipona anakuta nyumba safi."

"Sauti ya wimbo wa tisa haipo kwenye nyeupe."

Kobe akainua macho.

Inspekta akamwambia: teke, waya, hatua moja mbele ya ngoma. Alimwambia polepole, neno baada ya neno, na alipokuwa akisema aliuona uso wa kijana ukiondokewa na damu mpaka midomo ikawa rangi ya saruji.

"Niliisikia iko mbali," Kobe alisema. "Tulipokuwa tunasikiliza. Nilidhani Fundi ameweka mwangwi."

"Diski iko wapi? Umeifuta?"

Akatikisa kichwa. "Sikuweza kuifuta. Wala kuitupa. Nilitaka tu iwe mahali ambapo hakuna atakayeisikia."

Akatazama chini. Inspekta akatazama anapotazama. Walikuwa wameikanyaga wote wawili.

Kobe hakungoja kuambiwa. Alishika tindo, akahesabu vigae kutoka mlangoni kwa kidole, akaipasua sakafu yake mwenyewe, ile isiyo na unywele. Vipande viliruka mpaka ukutani. Saruji ilikuwa bado haijakaza vizuri, akaitoa kwa mikono, kucha zikivunjika, mpaka akafikia nailoni. Ilikuwa imefungwa mara nyingi. Upande mmoja nailoni ilikuwa imechanika, na ndani yake mlikuwa na maji.

* * *

"Kielelezo hakichomekwi popote," Inspekta alisema. "Utaratibu ni kupigwa picha, kufungwa na kupelekwa kituoni."

Walikuwa wote studio. Fundi alikuwa ameishika diski kwa kitambaa mbele ya feni, kama kifaranga kilichonyeshewa. Sindano alikuwa ameacha wateja. Kobe alisimama karibu na mlango, saruji mpaka kwenye viwiko, hakuna aliyemwambia akae wala atoke. Na katika kile kiti chenye mguu mzima alikaa Radi, shangazi nyuma yake. Alikuwa ameambiwa yote njiani, shangazi alisema, na hakutikisa hata kope.

"Kule stoo kwenu kukoje?" Fundi aliuliza.

"Paa la bati. Joto."

"Afande, hii ikikaa joto na unyevu huu, imekufa."

Inspekta akaipiga picha mbele, nyuma na ubavuni. Akaandika. Kisha akavua kofia, akaiweka juu ya meza.

"Utaratibu pia unasema mlalamikaji aitambue mali yake," alisema. "Utepe mwekundu ungeweza kubandikwa na yeyote. Wewe utaitambuaje?"

Fundi akamtazama. Polepole uso wake ukafunguka. "Kwa kuisikiliza, Afande."

"Itambue."

Alikuwa ameikausha kwa feni muda wote huo. Akaichomeka. Hakikutokea kitu. Kisha ndani ya kile kidude kikasikika kitu kidogo kikigonga, kikasita, kikagonga tena, na shangazi akamshika Sindano mkono bila kumjua vizuri. Kikaanza kuzunguka.

"Ninanakili kwanza," Fundi alinong'ona. "Msipumue."

Walingoja. Nakala ilipokamilika, Fundi akajifuta uso wote kwa mkono, akautafuta wimbo wa tisa.

Zilianza ngoma tupu, mbio, kavu, kila pigo limesimama peke yake. Fundi akapandisha maikrofoni za juu, moja, kisha nyingine, kisha ile ya mlangoni. Na kutoka nyuma ya ngoma, kama mtu anayetokea ndani ya maporomoko ya maji, sauti ikaja.

Inspekta alikuwa ameshasikia watu wakilia. Kazi yake ilikuwa hiyo, kufika mahali watu wanapolia. Hakuwahi kusikia kilio kilichosimama wima. Ilikuwa yowe, na ndani ya yowe maneno yalikuwa safi, matatu tu, yanarudi na kurudi: *Mama, bado nipo. Mama, bado nipo.* Alimtazama msichana mdogo mwenye mtandio shingoni, akazitazama spika, hakuweza kuviunganisha vitu hivyo viwili, na akaacha kujaribu.

Kisha ngoma zikanyamaza, pumziko fupi la mapigo machache. Sauti ikabaki peke yake. Na chini yake kitu kikawa kinavuma, chembamba, cha chuma, kama nyuki elfu kwenye kopo.

"Hiyo ni nini?" Kobe aliuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema tangu waingie. "Hapo nimeinua mikono. Hiyo si mimi."

"Ni zile nyuzi za chini ya ngoma yako ndogo," Fundi alisema. "Zinatetemeka zenyewe. Ni yeye, Kobe. Anaipiga ngoma yako kwa koo."

Na hapohapo mapigo yakarudi, na yalirudi yakikimbia. Wote walilisikia kosa. Liliruka mbele ya gitaa, mbele ya kila kitu, likaikamata ile sauti, likaenda nayo sambamba mpaka mwisho wa wimbo, kama mtu aliyesikia anaitwa jina lake usingizini, akaamka tayari yuko mbio.

Juu, cherehani ilikuwa imezimwa.

Radi aligeuka kwenye kiti, akamtafuta Kobe kwa macho, akamwangalia kwa muda mrefu, mkono mmoja kwenye mtandio, machozi yanashuka bila sauti yoyote. Shangazi aliyaona machozi yale, akafunika mdomo wake mwenyewe kwa viganja vyote viwili.

Fundi akakohoa. "Mimi malalamiko nayafuta, Afande. Mali imeonekana." Kisha, kwa upole, kwa Kobe, "Na kompyuta inaweza kukuvutia mapigo yale, ukitaka. Nayavuta moja moja mpaka yakae na gitaa. Ila nikiivuta ngoma, na sauti yake itavutika kidogo. Kidogo tu. Naweza kuinyoosha."

Kobe alikuwa ameuegemea ukuta wa magodoro. Alichukua muda wake, kama kawaida.

"Ukiinyoosha," alisema, "nitakuvunja vidole."

Fundi akamgeukia Inspekta, mdomo wazi. Sindano naye. Kutishia mtu mbele ya askari ni kesi nyingine kabisa, na kalamu ilikuwa bado mkononi mwa Inspekta.

"Hilo sikulisikia," Inspekta alisema. "Rudisha mwanzo."